Mbolea Inayopotea ni Mali ya Nani?



Kuna maswali ya dhamiri ambayo kila mkristu ayatambua tangu alipofundishwa katekisimu: kuua, kuiba, kusema uongo, kuvunja ndoa. Lakini kuna maswali mengine yaliyofichika chini ya udongo, wala si desturi ya watu kuyapeleka kitubioni. Leo twataka kulifukua moja. Ni swali la mbolea.

Tazameni mabonde ya pembeni mwa Likasi wakati wa kiangazi. Matuta ya kabichi, vitunguu, nyanya, lengalenga na matembele yamepangwa kando ya vijito, na asubuhi na jioni akina mama na vijana wapita katikati yao wakimwaga maji. Wengi wa watu hawa hawakutoka katika ukoo wa wakulima wa mboga. Babu na baba zao waliletwa kwa kazi ya shaba, mji ulipokuwa ukiitwa bado Jadotville. Kisha siku mbaya zikaja. Mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ulibomoka mwezi wa Septemba 1990. Gécamines, iliyokuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka, ikawa baada ya miaka michache haitoi hata 50,000. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi. Familia nyingi zikashika jembe. Kwa hiyo tunaposema habari ya tuta la kabichi, twasema habari ya karo ya shule, dawa ya mgonjwa, na bukari ya jioni.

Katika matuta hayo hutiwa chumvi nyeupe iitwayo urea. Sehemu yake huingia katika mmea, na sehemu yake hupotea. Basi swali letu ndilo hili: ile isiyoingia katika mmea ni mali ya nani? Je, ni hasara ya mwenye shamba tu, naye ana haki ya kupoteza chake apendavyo? Au ni deni lake kwa mwenzake?

1. Safari ya chumvi nyeupe

Ili tuhukumu kwa haki yatupasa kwanza kujua mambo yalivyo. Mmea wahitaji nitrojeni (wenye kusema Kifaransa huiita azoti) kama mtoto ahitajivyo maharagwe na samaki. Mmea ukiikosa, majani huwa ya manjano na kimo chadumaa. Ajabu ni kwamba hewa tunayovuta imejaa nitrojeni: sehemu 78 kwa kila 100. Lakini mmea hauwezi kuila hivyo ilivyo, kama vile mwenye njaa asivyoweza kula mahindi yaliyofungiwa ghalani. Vijidudu vikaavyo katika mizizi ya maharagwe, karanga na soya vimepewa na Muumba ufunguo wa ghala hiyo. Wanadamu waliupata ufunguo wa pili mwaka 1909, Mjerumani Fritz Haber alipofaulu kuunganisha nitrojeni ya hewa na hidrojeni, ikawa amonia. Carl Bosch akaifanya kazi hiyo iwe ya kiwanda, na kiwanda cha kwanza kikaanza huko Oppau mwaka 1913. Wataalamu hukadiria kwamba karibu nusu ya watu walio hai leo hupata chakula kwa msaada wa mbolea itokayo huko.

Ni neema kubwa. Lakini Haber huyohuyo ndiye aliyesimamia gesi ya sumu iliyofunguliwa juu ya askari huko Ypres, nchi ya Ubelgiji, mwaka 1915. Na baruti ipasuayo miamba, hata ile iuayo watu, hutokana na nitrojeni hiyohiyo. Basi tangu mwanzo kitu hiki kina sura mbili, na dhamiri ya mtu ndiyo ichaguayo sura.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23. Mkulima aitawanya juu ya tuta, kisha aenda zake akidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza safari yaanza, na njia zake ni nne.

Njia ya kwanza ni ile tuitakayo: kuingia katika mzizi.

Njia ya pili ni kupanda hewani. Urea ikilala juu ya udongo wenye unyevu na joto, hugeuka amonia kwa siku chache. Amonia ni ile harufu kali ya banda la kuku. Upepo huichukua, na robo au hata theluthi ya mbolea yaweza kwenda hivyo, mwenyewe asione kitu.

Njia ya tatu ni kushuka chini. Katika udongo urea huishia kuwa nitrati, nayo haishikwi na udongo bali hufuata maji. Mizizi ya vitunguu na mboga nyingi za majani ni mifupi. Mkulima akimwaga maji mengi kupita kiasi, au mvua kubwa ya Desemba ikinyesha siku ya pili baada ya kutia mbolea, nitrati huipita mizizi na kushuka hata kwenye maji ya visima na vijito.

Njia ya nne ni katika udongo uliojaa maji kama tope la bondeni. Huko vijidudu huigeuza nitrati kuwa hewa tena. Sehemu ya hewa hiyo ni oksidi ya nitrojeni, ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto kama kilo 270 hivi za hewa ya ukaa kwa muda wa miaka mia.

Je, ni kiasi gani kipoteacho? Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Marekani, Raun na Johnson, waliandika kwamba katika nafaka za dunia nzima theluthi moja tu ya nitrojeni iliyotiwa huonekana tena katika punje zinazovunwa. Mboga, zenye mizizi mifupi na kumwagiwa maji kila siku, haziwezi kujivuna kuwa bora zaidi.

Sasa tufuate ile iliyoshuka kisimani. Katika mitaa ambamo mabomba hayafiki, au yamefika nayo ni makavu, watu huchota katika visima vifupi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: nitrati isipite miligramu 50 katika lita moja ya maji ya kunywa. Mpaka huo uliwekwa hasa kwa ajili ya watoto wachanga. Mtoto wa miezi michache akikorogewa maziwa ya unga kwa maji yenye nitrati nyingi, damu yake hushindwa kubeba hewa, na ngozi yake huwa ya kibuluu. Asipotibiwa aweza kufa. Tena mama mwenye bidii huchemsha maji akidhani ameyasafisha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi nitrati; maji yakipungua chunguni, nitrati huzidi kukolea. Ndiyo sababu moja zaidi ya kumnyonyesha mtoto kwa ziwa la mama.

Kuna na jambo jingine, nalo latuhusu sisi wa Katanga kuliko wengine. Urea ikitumika mwaka baada ya mwaka huuongezea udongo ukali, yaani asidi. Udongo wetu mwekundu tayari ni mkali. Na karibu na Likasi udongo wa mahali pengi una shaba na kobalti, ama kwa asili ama kwa vumbi na maji ya viwanda. Ukali wa udongo ukizidi, madini hayo huyeyuka zaidi na kuingia kwa wepesi zaidi katika mmea. Kwa hiyo mkono unaotia urea bila kipimo hapa kwetu waweza kuamsha adui aliyekuwa amelala.

2. Je, si mali yangu?

Labda mtu atasema: “Mfuko nimeununua kwa franki zangu. Nikiutumia vibaya, hasara ni yangu. Mwanateolojia ana neno gani hapa?”

Twajibu kwamba Kanisa laheshimu mali ya mtu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya kumi na tatu, aliliuliza swali hili na kulipambanua. Kuhusu kuipata mali na kuitunza, alisema, ni halali mtu awe na chake, maana kila mmoja huangalia vema kilicho chake kuliko cha wote. Lakini kuhusu kuitumia, mtu asiihesabu kuwa yake peke yake, bali aitumie kama kitu ambacho mwenye shida naye ana sehemu ndani yake. Mali ni yetu ili tuitunze. Faida yake Mungu aliikusudia kwa wote.

Tupeleke fundisho hili shambani. Urea ni yangu ndani ya mfuko. Ni yangu mkononi. Ni yangu ndani ya tuta, mradi inatumika kwa lile nililoinunulia. Ikiupita mzizi na kushuka kisimani, imeacha kuwa mali inayonitumikia, lakini haijaacha kuwa tendo langu. Wahenga husema: maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli, lakini aliyeyamwaga ajulikana. Kitu kikishapotea kwangu bado kipo mahali fulani duniani, na mahali hapo pana mtu.

Hapo ndipo walipokosea wengi. Hudhani kwamba kupotea maana yake ni kutoweka. Katika maumbile ya Mungu hakuna kitoweka-bure. Kila kilichotoka kwako kimefika kwa mwingine. Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake alijibu kana kwamba hakuwa na kazi ya kumlinda. Na kilichomshtaki, Maandiko yasema, kilikuwa kile kilichozama katika ardhi.

Lakini tusizidishe pia. Hakuna mkulima, hata aliyesoma chuo kikuu, awezaye kuiingiza mbolea yote katika mzizi. Sehemu fulani itapotea tu, kama vile msagaji asivyoweza kuzuia unga wote usiruke. Mungu hamdai mtu lisilowezekana. Deni ni ile sehemu ambayo ingaliweza kuzuiwa kwa uangalifu wa kawaida, na mtu hakujali.

3. Neno la kiwanda

Kuna pingamizi jingine, nalo ni zito, na tusipolijibu wasomaji wetu wa Likasi watatucheka. Watasema: “Ninyi mwatuuliza habari ya kiganja cha urea. Je, viwanda? Maji ya viwandani yameingia mto Panda na Buluo miaka na miaka, yakafika Lufira na ziwa Tshangalele, na mwaka 2010 wataalamu waliandika kwamba wameyakuta madini hata katika samaki. Mbona hamuanzi huko? Maskini ndiye ahubiriwaye siku zote.”

Twakiri kwamba lalamiko hili ni la haki. Mwenye kuharibu zaidi ana deni zaidi, na mwenye uwezo zaidi ana wajibu zaidi. Padri au katekista amhubiriye mama wa bustani na kumnyamazia mwenye kiwanda hajatimiza kazi yake.

Lakini fikirini jambo hili. Mwenye kiwanda akiulizwa habari ya maji yake machafu hujitetea kwa neno gani? Husema: “Nilikuwa nachimba shaba, sikukusudia kuharibu mto. Maji yakishatoka katika uzio wangu si yangu tena. Tena ni kidogo kulinganisha na mto mzima.” Sasa msikilizeni mtu wa bustani: “Nilikuwa nalima kabichi, sikukusudia kuharibu kisima. Mbolea ikishatoka katika tuta langu si yangu tena. Tena ni kiganja tu.” Je, si neno lilelile? Tofauti ni ya ukubwa, na ukubwa ni jambo la maana sana. Lakini mzizi wa neno ni mmoja.

Basi tukilikubali neno hili kwa ajili yetu, tumemkabidhi mwenye kiwanda utetezi wake. Tutamwambiaje kwamba kitokacho kwake chamfuata, ikiwa sisi twasema kitokacho kwetu hakitufuati? Mkulima aonaye kisima cha jirani kuwa amana aweza kusimama mbele ya mkubwa yeyote na kudai mto wake kwa moyo mweupe. Twamwomba mkulima mdogo uangalifu kwa sababu hii: tuwe na sheria moja kwa wadogo na wakubwa, nayo ipate nguvu ya kuwafunga wakubwa.

4. Hofu na ujinga

Sasa tumwangalie huyo mkulima kwa macho ya huruma. Kwa nini atia mbolea kupita kiasi? Watu wa mbali hudhani ni choyo. Sisi tukaao nao twaona kwamba mara nyingi ni hofu. Mama ana matuta manane na msimu mmoja. Kabichi zikidumaa, hakuna wa kumlipa. Kwa hiyo husema moyoni: “Nitaongeza kidogo, nipate kuwa na hakika.” Majani yanakuwa ya kijani cha giza, naye afarijika. Hajui kwamba majani yaliyolishwa nitrojeni kupita kiasi huwa laini na kupendwa na wadudu wengine, tena mboga yake haikai siku nyingi sokoni. Ameinunua hakika kwa bei kubwa, na hakika hiyo ni nusu ya uongo.

Na bei hiyo yauma kweli. Urea yatoka mbali, na wenye kuitengeneza hutumia hasa gesi ya ardhini. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipozidi kuvuruga biashara, bei ya urea katika masoko ya dunia ilikuwa karibu mara tatu ya bei ya mwaka 2020. Mama wa Likasi hakupigana vita hiyo, lakini aliilipa.

Aidha, wengi hununua mbolea kwa kopo, si kwa mfuko. Maandishi yamebaki kwa mfanyabiashara. Mnunuzi hajui kama amepewa urea yenye sehemu 46 au mbolea ya 10-20-10. Atamwagaje kwa kipimo kitu asichokijua jina?

Maadili ya Kanisa hupambanua ujinga wa namna mbili. Kuna ujinga usioshindika, yaani mtu hakuwa na njia ya kujua. Huyo hana lawama. Kuna na ujinga uwezao kushindwa, yaani mtu angaliweza kuuliza naye hakutaka. Huyo ana lawama kadiri ya uvivu wake. Mama aliyeuziwa chumvi isiyo na jina yuko, kwa sehemu kubwa, katika namna ya kwanza. Lakini ujinga wake una wenyewe. Mwuzaji ajuaye na kunyamaza, mtaalamu wa kilimo asiyeshuka bondeni, msomi aliyejifunza mambo haya na kuyafungia katika daftari: hawa ndio wenye kuibeba lawama ambayo yeye haibebi. Kumnyima mtu maarifa ambayo kazi yake yayadai, na huku unayo, ni kumnyima ujira.

5. Basi tuiache kabisa?

Wengine, wakisikia hayo, hukimbilia upande wa pili: “Mbolea ya kiwandani ni sumu. Tuiache.” Wazo hili laonekana takatifu, lakini hebu litazamwe. Serikali ya Sri Lanka ilikataza mbolea za kiwandani mwaka 2021 kwa mkupuo, bila kuwaandaa wakulima. Mavuno ya mpunga na chai yakaanguka, bei za chakula zikapanda, na kabla mwaka haujaisha katazo lilianza kuondolewa. Waliolipa gharama ya wazo lile zuri walikuwa maskini.

Tena, shida ya Afrika kwa jumla ni ardhi yenye njaa kuliko ardhi iliyovimbiwa. Wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Abuja mwaka 2006, waliona kwamba mkulima wetu alitia wastani wa kilo 8 tu za virutubisho katika hektari moja, wakaazimu zifike 50. Kuvuna mahindi na mihogo miaka ishirini mahali pamoja bila kurudisha kitu ni kuteka akiba ya wajukuu. Huo nao ni upotevu, na wenye kuibiwa hawajazaliwa wakaweza kulalamika. Hapa kwetu twaweza kuona mambo mawili katika parokia moja: shamba la mihogo juu ya kilima lisilopata hata punje ya mbolea, na chini bondeni tuta la kabichi lililoshindiliwa. Haki ya ardhi yavunjwa pote pawili, huku kwa kunyima na huku kwa kumwaga.

Kwa hiyo jibu si kuacha wala kumwaga. Jibu ni kipimo. Wazee wa Kanisa waliita kiasi kuwa mojawapo ya fadhila nne kuu, wala si fadhila ya mezani na ya pombe tu. Mkono utiao mbolea nao una kiasi chake.

Bwana wetu mwenyewe ametupa mifano miwili. Wa kwanza ni ule wa mtini usiozaa. Mtunza shamba aliomba uachwe mwaka mmoja zaidi, apate kulima kuuzunguka na kuutilia mbolea. Angalieni: hakuitupa mbolea juu ya shamba zima, alichimba, akaipeleka kwenye mti wenye kuihitaji. Wa pili ni ule wa mikate. Yule aliyeweza kuwashibisha watu elfu tano kwa muujiza aliagiza makombo yakusanywe, kisipotee kitu. Mwenye uwezo wa kuumba mkate hakuona aibu kuokota makombo. Sisi tusioweza kuumba hata punje moja, je?

6. Wajibu wa kila mtu

Mkulima apime kwanza. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tuta la urefu wa mita kumi na upana wa mita moja, likitiwa kilo moja ya urea, limepokea nitrojeni sawasawa na kilo 460 kwa hektari. Hiyo yashinda uwezo wa kabichi. Kwa tuta kama hilo gramu 200 au kupita kidogo zatosha mara nyingi, tena zigawanywe mara mbili au tatu, maana mche mchanga hula kidogo na kabichi inayojikunja hula sana. Aichimbie mtaro mdogo vidole vinne mbali na shina, aifukie, kisha amwage maji ya kiasi. Asitie mbolea mawingu ya mvua kubwa yakiwa yamekusanyika. Kama ametia samadi ya kuku, ajue kwamba nayo ina nitrojeni nyingi, basi apunguze urea. Samadi na majani ya alizeti-mwitu yaliyooza huulisha udongo wenyewe na kuufanya ushike maji. Baada ya mboga za majani apande maharagwe, yapate kufungua ile ghala ya hewani bure. Na kwa ukali wa udongo, tusisahau chokaa: mawe ya chokaa ya Kakontwe yako hapahapa kwetu.

Mfanyabiashara amwambie mnunuzi jina la anachouza na kipimo chake. Maneno hayo hayapunguzi faida yake hata franki moja. Akichanganya au akificha, ameiba mara mbili: fedha ya mnunuzi na maji ya jirani wa mnunuzi.

Mnunuzi wa mboga naye asijione nje ya neno hili. Yeye ndiye adaiye sokoni majani makubwa, ya kijani cha giza, tena kwa bei ya chini. Mkulima hulima kile macho ya mnunuzi yapendacho.

Waliosoma washuke bondeni. Lugha ya vitabu vya kilimo mara nyingi ni Kifaransa, na lugha ya tuta ni Kiswahili. Kijana atokaye chuoni na kumweleza mama yake nambari zilizo juu ya mfuko amefanya tendo la huruma, kwa kuwa kumfundisha asiyejua ni mojawapo ya matendo ya huruma ya kiroho.

Jumuiya zetu za kikristu nazo zaweza kulichukua jambo hili. Watu watano wakinunua mfuko mmoja pamoja, wapata maandishi yake, wagawana kwa mizani, na hakuna anayebaki na nyingi kupita haja. Kisima cha mtaa na matuta yapewe nafasi ya kuachana. Mambo haya ni madogo, lakini kidogo kidogo hujaza kibaba, na kibaba cha uharibifu hujazwa kwa njia hiyohiyo.

7. Tumalizie

Tuliuliza: mbolea inayopotea ni mali ya nani? Sasa twaweza kujibu. Faida yake si ya mtu, maana hakuna aliyeipata. Lakini tendo ni la aliyeitia, nayo gharama huangukia mtu asiyeulizwa: mtoto mchanga mwenye chupa ya maziwa, mvuvi wa chini ya mto, mjukuu atakayeurithi udongo uliochoka. Hao ndio wenye kulipa. Na mahali ambapo mmoja afanya na mwingine alipa bila kuulizwa, hapo pana swali la haki, hata kama kitu chenyewe ni punje nyeupe zilizo ndogo kuliko mbegu ya mtama.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliitaja mbolea miongoni mwa vitu viharibuvyo udongo na maji, na katika barua hiyohiyo alisisitiza kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikiwa pamoja. Katika bustani za Likasi vilio hivyo viwili hutoka mahali pamoja, maana maskini ndiye mwenye tuta, na maskini ndiye mwenye kisima.

Basi, mkulima mpendwa, ukifungua mfuko wako, usiogope wala usiwe na mkono mzito. Tia kwa ajili ya mzizi, fukia, kisha muwaze yule achotaye maji ng'ambo ya bonde. Ukifanya hivyo umepanda kabichi, na pamoja nayo umepanda haki. Mungu aliyeijaza hewa nitrojeni na udongo uhai atujalie mkono wenye kipimo na jicho limwonalo jirani.